Alama ya Mwanangu

Nimeenda ofisi ya kusajili herufi za kompyuta mpaka walinzi wamenizoea, na karani Kitwana bado ananiambia yale yale.

"Mama, alama hii haimo kwenye jedwali la herufi la dunia."

"Si ndiyo maana nimekuja kuisajili!"

Kompyuta kuu ya zamani ya hospitali iliwaandika kwa alama moja watoto waliofariki kabla ya siku ya saba, hawajapewa jina. Mwanangu wa kwanza ni mmoja wao. Sasa sheria inasema alama isiyo na namba kwenye jedwali hilo ifutwe kila mahali, hata kwenye mitambo ya majumbani.

"Inatamkwaje?" Kitwana akauliza.

"Haitamkwi. Jioni mlango wetu wa kompyuta ukisoma orodha ya watu wa nyumbani, ukifika kwake hunyamaza kidogo."

"Basi tunailinganisha na nafasi tupu. Yamekwisha hayo."

Nilishachoka kubishana. Nikaweka kidole kwenye fomu kukubali.

Jioni tulisimama mlangoni kama kawaida, mimi, mume wangu na binti yetu.

"Shaweji, Mwanaisha, Tatu, karibuni," mlango ukasema bila kupumua.

"Mbona hujanyamaza?" nikafoka.

"Nafasi tupu zisizo na kazi zimeondolewa," ukajibu kwa adabu, ukafunguka.

Hakuna aliyeingia.