Siku Bosi Alipokosa Hesabu

Fundi cherehani alikuwa amekalia viganja vyake mwenyewe. Stuli ilikuwa ngumu na vidole vilianza kufa ganzi, lakini hakuthubutu kuvitoa. Mbele yake, mwalimu mgeni alikuwa akipanga vifungo vya shati kwenye visahani viwili, na binti yake alimkodolea mwalimu macho kama anayekagua mfanyakazi mpya.

Ndiyo maana walimwita Bosi. Tangu azaliwe hakuwahi kutembea wala kutamka neno, na mikono yake ilikwenda inakotaka yenyewe. Macho tu ndiyo yalimtii, na kwa macho hayo aliendesha nyumba nzima: dirisha lifunguliwe, redio izimwe, chai hii imepoa.

Hesabu alifundishwa hapo hapo nyumbani, kati ya vitambaa na pini. Baba aliuliza swali, akashika vifungo mkono huu na mkono huu, Bosi akautazama mkono wenye jibu. Kujumlisha akapata, kutoa akapata. Baba alijigamba mtaa mzima, hadi habari ikafika kwenye shule ya bweni ya watoto wa hali yake. Wangekuja kumpima. Akifaulu atahamia huko, na nyumbani atarudi likizo tu.

Halafu shangazi yake Bosi akaja kuwatembelea, akaharibu kila kitu.

"Kaka," alisema, akiwa amekaa nyuma yao anamenya machungwa, "mbona mkono wenye jibu unauinua?"

"Siuinui."

"Unauinua, kidogo tu. Hivyo hata mimi ningefaulu, na hesabu zilinishinda darasa la kwanza."

Fundi alicheka, akaviweka vifungo chini. Hakumuuliza tena Bosi swali hata moja. Aliogopa atakachokiona. Angeweza kuwaambia watu wa shule ukweli, akaona haya, akanyamaza, na aibu hiyo ikawa inaamka naye kila asubuhi.

Siku ile ile ya machungwa, fundi na dada yake walibaki wakizungumza, Bosi kitini katikati yao, maneno yakipita juu ya kichwa chake.

"Akikosa je?" shangazi aliuliza.

"Nikifa, atabaki na nani? Ndilo linaloniumiza. Na akipata..." Fundi alishusha pumzi. "Akipata, dada, nitaamka asubuhi nimsemeshe nani? Cherehani? Sitamaliza mwezi mimi."

"Acha kujiliza, mwanaume mzima."

"Nasema kweli."

Wakahamia kwenye bei ya vitambaa.

Sasa siku yenyewe ilikuwa imefika.

"Mbili na moja?" aliuliza mwalimu. Kisahani kimoja kilikuwa na vifungo vitatu, kingine vinne. Bosi alitazama vinne, akakaza macho.

"Tatu na mbili?" Vitano huku, sita huku. Bosi akatazama sita, bila kusita.

Mwalimu alibadilisha visahani, cha kulia akakiweka kushoto. Bosi akakosa. Fundi alitarajia mwalimu atampunguzia mtoto, ampe maswali mepesi. Badala yake mwanamke yule akazidisha: nane toa tano, kumi toa nne. Fundi alimwona katili. Mtu keshaanguka, kumkanyaga kwa nini? Bosi naye alikosa moja, akakosa jingine, kijasho kikimtoka puani.

"Tano na nne?" Mwalimu sasa alikuwa akiuliza polepole, amemwinamia. Tisa huku, nane huku.

Nane.

"Basi, mwalimu!" Fundi alichomoa mikono. "Kosa ni langu. Nilikuwa nampa majibu bila kujua, na nilipojua nikanyamaza. Mtoto hana hatia. Nimemleta adhalilike mbele yako kwa ajili ya sifa zangu mimi." Alishindwa kumtazama binti yake.

Mwalimu alikuwa akikusanya vifungo. Hakuonekana amekasirika.

"Amekosa yote," alisema.

"Nimeona."

"Hujaona, fundi. Visahani viwili tu. Anayebahatisha hupata mara, hukosa mara. Nimetafuta hata swali moja ambalo angelipata kwa bahati, sijaliona. Ili ukose yote, sharti ulijue kila jibu ndipo ulikwepe."



Mwalimu alipiga goti mbele ya kiti, akashika kisahani kulia na kisahani kushoto. "Mama, hiki ni ndiyo, hiki ni hapana. Unaogopa shule?"

Hapana.

"Kwa hiyo unamwogopea nani?"

Macho ya Bosi yaliviacha visahani vyote viwili, yakaenda kwa baba yake.