Ngiri Aliyebebwa Kwenda Mazoezini

Palikuwa na Ngiri mnene kweli, ambaye siku moja alikwama mlangoni mwa shimo lake huku Chui akimnyemelea. Aliponea chupuchupu, akaapa kufanya mazoezi. Kila asubuhi Punda alimbeba hadi mlimani, Ngiri akajinyoosha mara mbili, kisha akabebwa kurudi.

Punda akaumia kwato, akabaki kwake ng'ambo ya bonde. Mwezi mzima Ngiri akawa anavuka bonde kila siku kwa miguu, kwenda kumfokea.

"Umeniharibia mazoezi! Chui akinila, damu yangu iwe juu yako."

"Pole, bwana. Hebu kajaribu mlango wako," Punda akajibu.

Ngiri akarudi amenuna, akaingia shimoni kinyumenyume bila kugusa ukuta. Akapigwa na butwaa.

"Mwezi mzima sijafanya mazoezi," akanung'unika. "Sasa nani kanipanulia mlango?"