Wakusanya Virisasi

Fundi Saa alipoingia wodini, mgonjwa aligeuza uso akatazama ukuta.

"Ni maumivu hayo," binti yake alimwambia mgeni kwa aibu. "Usijali, Baba Mdogo. Kaa."

Fundi Saa alikaa. Alikuja kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda chake cha kutengeneza saa, chupa ya chai ikiwa kwapani. Mtoto wa kiume wa mgonjwa hakukanyaga pale. Yeye alipiga simu tu, kuuliza kama mzee ameshatamka nyumba itakuwa ya nani. Binti alikuwa amefunga cherehani yake, macho yamemwiva kwa kukesha. Bila huyu mzee mwenye miwani mizito angekuwa peke yake kabisa.

Alimjua tangu utotoni. Fundi Saa na baba yake walipagawa na kitu kimoja: virisasi vya kale vya bunduki ya upepo, vile vidogo vyenye kiuno kama nyigu. Watu wazima na ndevu zao, wakigombea vitu vya ukubwa wa punje ya mtama! Mama alikufa akinung'unika kwamba vikopo vya virisasi vimemnyang'anya kabati la nguo.

Siku moja binti alileta kikopo kimoja kutoka nyumbani, ili kumchangamsha baba. Baba hakukitazama. Fundi Saa ndiye aliyekifungua, akachomoa kirisasi kwa kibano na kukigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Unaona mistari hii hapa nyuma, palipotanuka kama sketi? Kila kiwanda kilichonga kivyake. Na huu unga mweupe usithubutu kuufuta, ndio uzee wake. Baba yako angekitambua kiwanda kwa kupapasa tu, macho kafumba."

Binti alicheka, kitu alichokuwa amekwisha kukisahau.

Mkono wa kushoto wa baba haukuwahi kupanda juu ya bega. Binti alikua akiuona hivyo, hata hakuwahi kuuliza. Sasa Fundi Saa ndiye aliyeukanda kwa mafuta, vidole vyake vya ufundi vikienda taratibu kutoka shingoni hadi kwapani. Mgonjwa alimsukuma kwa nguvu kidogo alizobaki nazo.

Fundi Saa alipoondoka, baba alimvuta binti karibu.

"Usimpe," alisema.

"Nisimpe nini, baba?"

Pumzi ilimkatikia kabla ya kujibu, akalala. Lakini binti alielewa. Vikopo. Kaburi liko mlangoni na bado anamfanyia uchoyo rafiki yake wa pekee! Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotaka kukiri.

Asubuhi iliyofuata, moyo wa mzee ulisimama. Fundi Saa alikuwepo; ndiye aliyemfumba macho.

"Chukua vikopo vyote," binti alimwambia kwenye ukumbi wa wodi, machozi yakimtiririka. "Hata usiniulize. Vyote."

"Sitaki hata kimoja, mwanangu. Mimi nilikuja kwa ajili yake."

Daktari alisema kifo kimekuja ghafla kuliko walivyotarajia. Familia ikipenda, wangeweza kumpasua marehemu wajue sababu.

"Hapana," binti alisema. "Ameteseka vya kutosha. Mwacheni apumzike."

Fundi Saa alimvuta pembeni, akaishika mikono yake yote miwili.

"Kaka yako anaulizia nyumba na mwili hata haujapoa. Kesho atasema nini? Nani alikuwa anamlisha? Nani alikuwa anampa dawa? Mimi najua moyo wako, mwanangu. Wao je?"

Hilo binti hakuwa amelifikiria. Alimpigia kaka yake, akamweleza. Kelele zilisikika hadi kwenye benchi la wauguzi.

"Umchinje baba kama mbuzi? Ukifanya hivyo, wewe si ndugu yangu tena!"

Simu ikakatwa. Binti alibaki ameishika sikioni. Kisha akamtazama Fundi Saa, na Fundi Saa akaitikia kwa kichwa polepole, kama baba anayemkubalia mtoto wake. Binti akamwambia daktari waendelee.

Walingoja kwenye benchi nje ya chumba cha maiti. Harufu ya dawa iliwachoma pua. Fundi Saa hakuuachia mkono wake hata mara moja, na binti alijiambia kwamba huyu ndiye ndugu aliyebaki.

Daktari alitoka akiwa na bakuli dogo la chuma.

"Ni moyo tu, dada. Ulichoka. Hakuna wa kulaumiwa."

Binti alijiinamia akalia kwa kwikwi, mzigo mzima ukimshuka.

"Halafu tumekuta hiki," daktari aliendelea, "karibu na bega la kushoto, kimezama kwenye nyama. Ni cha miaka mingi sana."

Kitu kidogo cha kijivu kilibingirika ndani ya bakuli.

Fundi Saa aliuachia mkono wa binti. Alikuwa amekwisha kusimama, kibano kiko vidoleni, kitambaa safi kimetandazwa kiganjani.

"Mistari yote ipo," alinong'ona. "Kichwa kimebonyea kidogo tu. Vingine vyote vya aina hii nilivimaliza ujanani, napiga makopo na njiwa. Hiki ndicho cha mwisho kilichobaki duniani."

"Baba Mdogo," binti aliuliza, "kilifikaje humo?"

"Nilimpiga nacho mimi," alisema bila kuinua macho. "Na maisha yake yote alikataa kunirudishia."