Ruhusa ya Kufuta

Programu ya akili mnemba katika ofisi ya vizazi na vifo iliruhusiwa kusoma na kupanga majina. Ikitaka kufuta, ilibidi imwombe ruhusa Bi Zamzamu, karani wa ofisi hiyo.

Asubuhi hiyo iliomba kufuta watu mia nne ambao hakuna aliyewaulizia kwa miaka ishirini. Katikati ya orodha Bi Zamzamu akaliona jina la Nurdini, kaka yake aliyeondoka nyumbani bila kuaga. Hakujua kama yu hai.

"Iruhusu tu, dada," alisema Mbaruku, mwenzake wa meza ya pili. "Mashine haijakosea."

"Najua haijakosea. Mimi ndiye sijamuulizia."

Akabonyeza "Hapana". Akainua simu, akakaa nayo sikioni, asijue ampigie nani.