Jaji Aliyekuja Matangani

Zamani, runinga zilipofika porini, Chiriku aliingia shindano la kuimba. Zawadi ilikuwa gunia la mtama, na sauti alikuwa nayo. Mtangazaji Kasuku akamvuta pembeni.

“Mama yako alikufa lini?”

“Si yule pale, kakaa mbele?”

“Mwambie ajifiche, mdogo wangu. Jaji Kiboko hampi kitu mwenye mama mzima.”

Mama alifura kwa hasira, lakini akajificha. Kasuku akamtangaza Chiriku yatima; jaji akalia kabla wimbo haujaanza, akatoa gunia.

“Na matangani tunakuja sote,” akasema.

Wakaja, wakala mtama wote. Jaji akajipangusa mdomo.

“Marehemu alikuwa mkarimu.”

Mama akatokea jikoni na mwiko.

“Sufuria utaosha wewe, jaji. Marehemu amechoka.”