Kiingereza cha Ndotoni

Siku hizi vyuo vya ng'ambo hupima Kiingereza cha mwombaji akiwa ndotoni, kwa utepe anaofungwa kichwani usiku saba. Mara mbili Salme alifelishwa na marehemu mama yake, aliyemjia kila usiku na kumwita kwa Kiswahili, "Kifungua mimba wangu!"

Asubuhi ya mwisho ya jaribio la tatu, mama yake mdogo, Mishi, alimfungua utepe huku akimtania. "Haya, Mzungu wetu, umeota vizuri?"

"Nimefaulu, mama mdogo."

Mishi akapiga vigelegele, kisha akauliza, "Na dada yangu? Hakuja?"

"Alikuja." Salme aliukunja utepe polepole. "Aliongea Kiingereza kitupu. Akaniuliza, kwa upole kabisa, mimi ni mtoto wa nani."