Bwawa la Mwisho

Mwalimu Mbithe alivaa nguo ya kanisani kwenda kuangalia majitaka. Gauni la buluu lenye kola nyeupe, kitambaa cha kichwa kilichopigwa pasi, viatu vya Jumapili. Nyamai alimtazama akipanda basi la shule, akasema moyoni kwamba kweli kuna watu na vituko vyao.

Alikuwa na kinyongo naye tangu mkutano wa walimu. Nyamai alikuwa mwalimu wa michezo, mgeni wa mwaka mmoja katika shule ile ya upande wa Tawa, na ndiye aliyependekeza Gredi ya Tisa wapande treni Emali waende kuiona Mombasa. Wazo lilikuwa tamu. Kisha Mbithe akasimama, mpole kama kawaida yake, akasema Gredi ya Tisa wataenda kwenye mabwawa ya majitaka. Mwalimu mkuu akainamisha kichwa, akakubali, na habari ya treni ikafia hapo.

"Lakini wanaenda huko kila mwaka tangu chekechea," Nyamai alilalamika. "Hao watoto wanajua mambo ya choo kuliko bwana afya."

Walimu wenzake walijifanya wanasahihisha madaftari.

Kilichomkera zaidi ni kwamba Mbithe hakuwahi kupeleka darasa jingine. Alianza na hawa wakiwa wadogo wa kufungwa kamba za viatu, akapanda nao gredi baada ya gredi. Sasa wavulana walikuwa wamempita kimo, na mwisho wa mwaka wangeondoka.

"Na mwakani utapeleka nani?" alimuuliza ndani ya basi.

"Hakuna," Mbithe alijibu. "Hawa wakitoka, na mimi nimemaliza."

Walipofika, Mbithe aliwahesabu watoto mlangoni pa basi, wakatimia. Mlinzi, mzee Musyoka, alimpa mkono akamwita mwaitu, kama mtu anayemwita mamake mzazi. Nyamai alishangaa, maana mzee alikuwa na mvi kumshinda.

"Kumbe mnajuana na madam," alimwambia Musyoka watoto walipotangulia.

"Sana. Tulikuwa majirani kabla mradi haijakuja." Musyoka alirudisha komeo la geti. "Ile mwaka ya korona alikuja peke yake, nikamrudisha. Iliniuma. Lakini hapa wanaingia wafanyikazi na shule, basi. Ningemfungulia, mimi ndio ningefutwa."

Wakapita penye wavu unaonasa takataka, watoto wakaziba pua wakisukumana na kusingiziana. Bwawa la kwanza lilikuwa jeusi, limejaa mapovu. La pili lilikuwa kijani. La tatu lilianza kuonyesha mawingu. La mwisho lilikuwa mbali kidogo, nyuma ya matete, huko ndege aina ya kwarara walikokuwa wakipiga kelele.

"Hii place yote ilikuwa boma za watu," Musyoka aliwaeleza watoto. "Wakahamishwa. Kanisa ikahamishwa, makaburi zikahamishwa, zile tu zilikuwa na misalaba. Hata kisima tulifukia."

"Mimi niliolewa pale, nikajifungua pale, mwaka mliozaliwa nyinyi," Mbithe alisema, akionyesha matete.

"Ndani ya maji, mwalimu?" Kimeu aliuliza, na wenzake wakacheka. Mbithe naye alicheka kidogo.

Nyamai aliangalia juu. Mvua ya Novemba ilikuwa imeshafunga upande wa milimani, na barabara ile ya udongo mwekundu haina huruma na basi.

"Inatosha," alitangaza. "Tunarudi. Ile ingine ni maji tu kama haya."

Mbithe akasimama mbele yake katikati ya njia. Nyamai hakuwahi kumwona hivyo, midomo ikimcheza kama mtoto aliyenyang'anywa kitu.

"Mwalimu Nyamai, tafadhali. Bwawa moja tu."

"Madam, umeiona mara ngapi? Watoto wakilala njiani utawaambia wazazi nini?"

Mbithe hakuondoka njiani. Kathini, msichana wa mbele, akamsogelea Nyamai.

"Sir, bado hatujaitwa majina."

"Si mmehesabiwa kwa basi?"

"Hiyo ni ya basi, sir."

Nyamai aliwatazama wengine. Hakuna aliyekuwa akicheka tena. Aliona aibu, na hakujua ni ya nini, kana kwamba amemnyima mtu maji ya kunywa.

"Haya, nendeni," alisema. "Lakini haraka."

Kwenye bwawa la mwisho Mbithe alivua viatu vya Jumapili, akaviweka kando kwenye nyasi. Watoto walipanga mstari bila kuambiwa. Wavulana waliokuwa wakitukanana tangu asubuhi walivua kofia, wakazishika mkononi. Hata Musyoka alibaki nyuma, mbali na mstari.

Mbithe aliita majina kwa kichwa, bila kuangalia popote.

"Kimeu."

"Niko."

"Kaveke."

"Niko."

"Kathini."

"Niko."

Matone ya kwanza yalianza kuanguka. Nyamai aliwajua watoto wote, maana mwaka mzima aliwakimbiza uwanjani, na jina la mwisho lilipoitwa na kuitikiwa alipiga makofi.

"Vizuri. Sasa twendeni kwa basi."

Hakuna aliyetikisika. Mbithe alikuwa amewapa mgongo. Alikuwa akitazama maji yaliyotulia katikati ya matete, mikono ameikunja tumboni.

"Mwende," akaita.

Gredi ya Tisa haikuwa na Mwende. Nyamai alifungua mdomo aseme hivyo, lakini darasa zima lilikuwa limeshajibu kwa pamoja, polepole, kama lilivyofundishwa tangu chekechea:

"Yuko, mwalimu."